Picha Ina Mwenyewe

Mjomba Picha hakuwahi kumwambia mtu acheke. Wapiga picha wengine wa mji ule walikuwa na maneno yao ya kuchekesha wateja, na mmoja alikuwa na sungura wa kitambaa aliyemchomoza nyuma ya kamera. Mjomba alikuwa na swali tu, na alilitoa kabla hajashika kitu chochote.

"Nani ataitazama?"

Ukijibu, "Mimi mwenyewe," alikupiga upesi upesi ukaenda zako. Ukijibu, "Watu tu," alikutazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu aliyeulizwa safari ya wapi akasema ya mbele.

"Watu gani?"

"Mjomba, nimekuja kupigwa picha. Mbona kama niko polisi?"

"Polisi wangeshakuachia. Watu gani?"

Alifanya kazi hiyo miaka thelathini na minane, mpaka Mungu alipomwita wiki chache zilizopita, asubuhi, akiwa amekwisha fungua dirisha moja la studio na hajafungua la pili. Mungu amrehemu na ampokee. Hakuacha mke, kwa kuwa mkewe alimtangulia zamani, wala hakuacha mtoto wa kumzaa. Aliacha wapwa wawili, makasha kumi na moja ya filamu, na mtaa mzima uliokuwa ukimwita Mjomba, hata wazee waliomzidi umri.

Studio yake ilikuwa vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa na meza ndefu ya kupokelea wateja, benchi, kioo cha kujitengenezea nywele, na pazia kubwa lililochorwa maporomoko ya maji. Juu ya maporomoko palikuwa na ndege ya abiria. Haikuwepo mwanzoni, iliongezwa na mchoraji wa mabango kwa sababu wateja walilalamika kwamba mbingu ile ilikuwa tupu. Chumba cha nyuma kilikuwa kidogo kama kabati, dirisha lake limezibwa kwa mbao na gunia, taa yake nyekundu, na humo ndimo alimosafishia picha zake katika sinia tatu za dawa. Mlango uliofuata ulikuwa wa Kinyozi. Mtu akishanyolewa huona uso wake ni mpya na hutamani kuupiga picha, kwa hiyo majirani hao wawili walilishana kwa miaka mingi na kutaniana kila siku.

Swali lile halikuwa mbwembwe. Dereva wa lori alikuja na mkewe kutaka picha ya mke ya kubeba safarini. Mjomba akauliza itakaa wapi. "Kwenye pochi." Basi akampiga yule mama akimweka juu kabisa ya picha, chini akaacha gauni tupu. Dereva alipoipokea alinung'unika kwamba mke wake amekaa juu kama saa ya ukutani. Mjomba akaichukua, akaikunja katikati, akamrudishia. Mkunjo ulipita kwenye mkanda wa gauni, uso ukabaki mzima. Picha za pochi za watu wengine hukatika puani baada ya mwaka mmoja.

Mwanamke mwingine alimleta mtoto wa miaka mitatu ili baba yake aliyekuwa kifungoni amwone. Alimvalisha vizuri, amempaka mafuta mpaka anang'aa, akataka mtoto asimame mbele ya maporomoko. Mjomba akamwambia arudi nyumbani akalete kigoda.

"Kigoda cha nini, Mjomba? Hapa viti vimejaa."

"Kile ambacho baba yake alikuwa akikikalia. Akimwona mtoto kasimama kando ya kile, atajua amefika wapi. Akimwona kando ya maporomoko, atajuaje? Yeye ameyapima maporomoko haya?"

Mwanamke alienda kulalamika kwa Kinyozi, halafu akaenda kuleta kigoda.

Lakini Mjomba hakuzaliwa na hekima hiyo. Alikosea kwanza, na kosa lake halikumtoka moyoni mpaka alipofumba macho.

Alipokuwa kijana katika kazi, sifa yake ilikuwa penseli. Wapiga picha wa zamani walichonga penseli ikawa kama sindano, wakaigusa filamu kidogo kidogo, makunyanzi yakapotea, mashavu yaliyobonyea yakajaa. Mjomba aliweza kumpunguzia mtu miaka kumi kabla ya saa sita mchana. Siku moja aliletwa bibi mmoja, amekonda, anatembea kwa kushikiliwa. Picha ilikuwa ya kumpelekea binti yake aliyeolewa mbali. Mjomba alimhurumia, akaketi na penseli yake siku nzima. Bibi yule alitoka kwenye karatasi akiwa ameshiba na mashavu ya ujana. Watu walisifu, naye akasikia raha.

Miezi minne baadaye binti akaingia studio na mfuko wa safari mkononi. Alitoa picha ile akailaza juu ya meza. Alisema alipoipata alimshukuru Mungu kwamba mama yake ana afya, akaahirisha safari mpaka watoto wafunge shule. Alikuwa ametoka kaburini muda ule ule.

"Umeipiga vizuri sana," alisema. Hakupaza sauti wala hakutukana. Akaiacha picha pale, akaondoka.

Mjomba aliitupa penseli siku ile. Tangu hapo ndipo lilipoanza swali lake.

Sasa, Mjomba alikuwa na dada yake mkubwa, ndiye aliyemlea wazazi wao walipofariki. Mtaa ulimwita Mama Cherehani. Alishona sare za shule, mapazia, nguo za harusi na sanda, na katika maisha yake hakuna aliyemkuta mikono mitupu. Hata akizungumza na mgeni alikuwa akikata uzi au akipiga pindo. Watoto wake walikuwa wawili. Wa kwanza wa kike, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye kwa wingi wa maneno aliitwa Chiriku tangu hajaota meno. Wa pili wa kiume, fundi bomba, aliyekuwa akifanya kazi katika mji wa mbali, safari ya siku mbili kwa basi.

Fundi Bomba alikuwa hajarudi nyumbani miaka sita. Chanzo kilikuwa baiskeli. Baba yao alipokufa, kijana aliiuza baiskeli ya marehemu bila kumwuliza mama, apate nauli ya kwenda kutafuta kazi. Mama Cherehani hakulilia baiskeli, alililia kutoulizwa. Alisema mbele ya majirani, "Aliyeondoka kwa miguu yake ana miguu ya kumrudisha. Mimi sitamwita." Maneno yakasafiri, yakamfikia. Naye akajibu kutoka huko huko, "Siku mama akiniita mwenyewe, siku hiyo hiyo nafunga mzigo. Kabla ya hapo naogopa kufukuzwa mlangoni." Mama hamwiti, mwana haji asipoitwa. Kwa simu walisalimiana mara moja moja, hujambo sijambo, Mungu akulinde, na simu inakatwa. Mti na mche wake, ugumu ni ule ule.

Ndipo Mama Cherehani alipougua. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi, na mikono ikaanza kutetemeka hata asiweze kutia uzi kwenye tundu la sindano. Daktari alimvuta Chiriku pembeni. "Mpelekeni nyumbani," alisema, "na wale anaowapenda wawe karibu." Chiriku alielewa. Mama naye alielewa bila kuambiwa, kwa kumtazama Chiriku aliyekuwa amenyamaza njia nzima, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

Chiriku alimpigia kaka yake simu. Tatizo ni kwamba alikwisha mpigia mara mbili miaka ya nyuma, akilia kwamba mama yuko hoi, kumbe ni mafua na ujanja wa kutaka kuwapatanisha. Mara zote mbili Mama Cherehani aliinyakua simu na kusema, "Mimi mzima kama chuma, usimsikilize huyu." Safari hii kaka alicheka kidogo. "Dada, mwambie mama aseme mwenyewe," alisema. Alipopewa simu, Mama Cherehani alivuta pumzi zote alizokuwa nazo, akasema kwa sauti ya shambani, "Sijambo, mwanangu. Fanya kazi yako." Kisha akalala kitandani saa nzima, amechoka kwa maneno yale.

Kesho yake akamwita mdogo wake.

Mjomba alimkuta amekaa kitandani, mito miwili mgongoni, amejifunga kitambaa kipya kichwani. Chiriku alikuwa amesimama dirishani, mikono kiunoni.

"Nataka picha," Mama Cherehani alisema. "Nzuri. Ya kumpelekea mwanao kule."

Kwao mtoto wa dada ni mtoto wa mjomba pia, kwa hiyo "mwanao" lilikuwa neno la kumfunga Mjomba. Naye alilihisi.

"Mjomba, msikilize vizuri," Chiriku alidakia. "Anataka apigwe amekaa kwenye cherehani, amevaa gauni la harusi ya shangazi, ili mtu akiona aseme huyu anajiandaa kuolewa. Mimi nasema apigwe hapa hapa kitandani, na dawa zote hizi zionekane, na miguu, kaka akiiona apande basi."

"Miguu yangu ipelekwe kwenye bahasha?" Mama Cherehani aling'aka. "Nikuzae, nikulee, nikusomeshe ualimu, halafu unitangaze miguu?"

"Mama, simtangazii mtu baki. Ni mwanao!"

"Ndiyo maana. Nani kakuambia mama huonyesha mwanawe kidonda ili ahurumiwe? Hiyo ni kazi ya wanaokaa njiani na bakuli."

"Basi atakuja kukuona ukiwa…" Sentensi haikuisha. Chiriku akatoka nje, na wote wawili wakamsikia akiosha vyombo vilivyokuwa visafi.

Mjomba akavuta kiti. Ile picha ya bibi wa mashavu ya ujana ilimjia, pamoja na mfuko wa safari wa yule binti. Mbele yake dada alitaka uongo ule ule wa penseli, na mpwa alitaka picha ya kumpiga mtu kofi. Na muda haukuwepo. Fundi Bomba asipokuja mwezi ule, angekuja kuonyeshwa udongo.

"Dada," alisema, "tuseme nimekupiga. Bahasha imefika. Ameifungua. Ataanza kutazama wapi?"

Mama Cherehani alikuwa tayari na jibu la ukali, lakini swali lilimpita pembeni. Akafikiri.

"Mikononi," alisema.

"Si usoni?"

"Huyo? Tangu mdogo. Akitoka shule hakunitazama uso, alisimama pale mlangoni akatazama mikono. Nikishona haraka haraka anajua nimekasirika, anapita nyuma ya nyumba. Nikishona taratibu, anakuja kuomba ruhusa ya kwenda kucheza." Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi. "Nilikuwa nikimtega. Nimekasirika lakini nashona taratibu. Akija karibu, namkamata sikio!"

Mjomba akainuka. Alimshika mkono mmoja, akamsaidia kushuka.

Yeye na Chiriku walimpeleka chumba cha mbele cha nyumba, penye cherehani. Ilikuwa imefunikwa shuka kwa miezi mitatu, na shuka ilipoondolewa, harufu ya mafuta ya mashine ilitoka kama mtu wa nyumbani. Mama Cherehani alivaa gauni lake. Akaagiza kitambaa kiwekwe chini ya sindano, tepu itundikwe shingoni, dirisha lifunguliwe lote. Akashika kitambaa kwa mikono miwili, kama anayeshona.

"Piga," alisema. "Usinicheleweshe, nina wateja."

Mjomba akapiga. Kupitia kioo cha kamera aliona picha safi ya mshonaji kazini, ambayo mtaa mzima ungeipenda. Majirani wangeitundika. Lakini mikono ilikuwa inakishikilia kitambaa kama mtu anavyoshikilia ukuta asianguke.

"Moja tu?" dada aliuliza.

"Pumzika kwanza, nageuza filamu."

Mama Cherehani akashusha pumzi. Mikono ikateleza kutoka kwenye kitambaa, ikashuka mapajani, ikalala pale, viganja juu, vidole vimefunguka kidogo. Alikuwa anamtazama mdogo wake na kutabasamu, kwa sababu alikuwa amekumbuka jambo.

"Unakumbuka nilivyokushonea kaptula yenye mguu mmoja mrefu?"

"Nilichek­wa mwaka mzima, Dada."

"Ulikuwa na mguu mmoja mrefu. Kaptula haikuwa na kosa."

Hapo ndipo alipopiga ya pili.

Kesho yake mchana alijifungia chumba cha taa nyekundu akazisafisha zote mbili. Ya pili ilipoanza kujitokeza ndani ya dawa, uso ulikuja kwanza, wenye furaha, halafu gauni, halafu cherehani pembeni, na mwisho ile mikono. Alisimama akiitazama mpaka nusura dawa iiunguze. Alipotoka, Kinyozi alikuwa ameketi kwenye benchi na kitana sikioni.

"Nimesikia habari za dada yako," Kinyozi alisema. "Nionyeshe."

Akazitazama zote mbili. "Hizi zote nzuri. Mama anapendeza. Kuna tofauti gani?"

"Kwako hakuna."

"Kwa nani basi?"

Mjomba akamweleza. Kinyozi akapiga goti lake. "Mbona rahisi! Yeye mwonyeshe ile ya kushona. Kwenye bahasha tia hii. Atajuaje? Kijana anakuja, wanapatana, wewe unapata thawabu."

"Wewe mteja akikuambia umpunguzie kidogo, unamnyoa kipara?"

"Akiwa na chawa, ndiyo."

"Kinyozi, nywele zinaota tena," Mjomba alisema. "Mimi niliwahi kumdanganya anayetazama. Sasa nimdanganye anayetazamwa? Bora kamera niiuze nikauze mchicha."

Hata hivyo hakulala vizuri. Alisali sana, na dua yake ilikuwa fupi. Aliomba dada yake apewe moyo mlaini, na yeye mwenyewe apewe mdomo mfupi.

Asubuhi alizibeba zote mbili ndani ya kitabu zisikunjike. Mama Cherehani alikuwa amerudi kitandani. Mjomba akampa ya kwanza. Aliishika mbali na macho, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Hii ndiyo. Ona nilivyokaa."

Akampa ya pili.

Mama Cherehani aliitazama kwa muda mrefu. Chiriku aliyekuwa akimenya viazi mlangoni akaacha kumenya.

"Hapa ninacheka," alisema mwishowe.

"Ndiyo, Dada."

"Ugonjwa hauonekani."

"Hauonekani."

"Lakini mikono haina kazi."

"Haina."

"Akiiona hii atajua."

Mjomba alitaka kusema mengi. Alitaka kumwambia habari ya binti na mfuko wake wa safari, ambayo dada yake aliijua, na kumwambia kwamba kiburi hakizikwi na mtu, hubakia kuwatesa walio hai. Alikumbuka dua yake akanyamaza.

"Mimi sijamwita," Mama Cherehani alisema.

"Hujamwita."

"Kinywa changu hakijatamka."

"Mimi ni shahidi. Na huyu Chiriku pale mlangoni ni shahidi, japo ndiyo mara ya kwanza anashuhudia bila kuongea."

Mama Cherehani akaigeuza picha, akatazama mgongo wake mweupe. Chiriku akafuta mikono kwenye kanga, akasogea. "Mama, nikuandikie maneno hapo nyuma? Mawili tu."

"Usiandike kitu." Akaigeuza tena, akaitazama mikono yake mwenyewe kwenye karatasi, kama anayekagua nguo ya mteja kabla ya kuikabidhi. Kisha akamrudishia mdogo wake ile ya pili, na ya kwanza akaiweka chini ya mto. "Peleka hiyo. Na hii ibaki, mtaiweka ukutani kwa ajili ya watu."

Bahasha iliondoka na basi la asubuhi. Siku tano zikapita, zikawa sita. Mjomba alikuwa akisimama mlangoni mwa studio kila basi lilipopiga honi mjini, na Kinyozi, ambaye kwa kawaida asingeacha nafasi ya utani ipite, alimletea chai tu. Siku ya saba hali ya Mama Cherehani ilikuwa mbaya, wakamwita kiongozi wa dini akamwombea. Siku ya nane akaamka akataka kuogeshwa na kusukwa nywele. Chiriku alimsuka, akimsimulia habari za kila mwalimu shuleni na kila mume wa kila mwalimu.

Siku ya tisa, kabla ya adhuhuri, Fundi Bomba alisimama mlangoni na mfuko wake wa spana begani, vumbi la safari ya siku mbili limemjaa mpaka kwenye nyusi. Hakuingia. Alisimama kwenye kizingiti, akatazama ndani, macho yake yakashuka moja kwa moja kwenye mikono iliyokuwa juu ya shuka.

Mama yake alimwona.

"Nani amekuita?" aliuliza.

"Hakuna aliyeniita, Mama."

"Basi ingia. Unasimama mlangoni kama mgeni, watu watasema nimekufunza nini?"

Akaingia, akapiga magoti kando ya kitanda, akaichukua ile mikono akaificha usoni mwake. Mama Cherehani alimwacha alie. Baadaye akamshika sikio, bila nguvu, akalivuta.

"Umekonda. Huko hawali?"

Mungu ni mwema. Aliwapa siku ishirini na sita. Fundi Bomba alimbeba mama yake nje kila asubuhi kuota jua na kumrudisha, na ile baiskeli haikutajwa ila mara moja, Mama Cherehani aliposema kwamba hata hivyo ilikuwa na breki mbovu.

Siku ile ya kwanza Chiriku alikimbia mtaa mzima kumwita Mjomba. Mjomba alifika anahema, kamera begani, kwa kuwa hakuwahi kutoka bila kamera. Alimkuta mpwa wake ameketi sakafuni, mgongo kwenye kitanda, mkono wa mama uko kichwani kwake, na Chiriku amekwisha anza kumsomea mashtaka.

"Mimi nimekupigia simu nimelia mpaka sauti ikakauka, hukuja! Picha moja isiyo na neno, ukaja!"

"Niliifungulia mtaroni, kazini," Fundi Bomba alisema taratibu. Yeye na dada yake hawakufanana kwa maneno. "Nikamwambia msimamizi, naomba ruhusa, mama yangu hawezi. Akasema nani amekuambia? Nikampa picha. Akaitazama, akasema mbona huyu mama yuko vizuri, anacheka, amependeza. Nikamwambia, wewe humjui."

Mama Cherehani alikuwa amefumba macho, lakini hakuwa amelala, kwa sababu vidole vyake vilikuwa vikitembea polepole kwenye nywele za mwanawe, vikitoa vumbi.

Mjomba aliketi kwenye kiti karibu na dirisha. Mwanga ulikuwa unaingia vizuri kutoka upande wa kushoto, ukawaangukia wale wawili. Akajiuliza lile swali lake la siku zote, halafu akaivua kamera begani, akaitia chini ya kiti.

"Mjomba, piga basi!" Chiriku alisema. "Mwanga ndio huo, watu ndio hao. Au umeibeba ikusindikize?"

"Nimekuja kunywa chai," Mjomba alisema. "Iko wapi?"